Faida Iliyotuharibia Pilau

Abilahi N. Likwata,
Mkaguzi wa Ubora wa Korosho,
Rondo, Lindi.
Tarehe 12, mwezi wa pili.

Kwa Ndugu Mhariri,
Ukurasa wa Masoko na Mitaji,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA SOKO LA HISA KUFUNDISHWA KUSOMA

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu za heshima kutoka huku juu Rondo. Sisi wazima, mikorosho imemaliza kazi yake, na sasa tunapalilia mahindi. Mimi ni msomaji wako mwaminifu wa kila Jumanne, siku ambayo gazeti lako la Ijumaa hutufikia.

Nianze kwa kujitambulisha, usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa kijiweni. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu ni kukata korosho ghalani. Mkulima akileta gunia, huchota korosho za juu, za katikati na za chini, nikazipasua moja moja kwa kisu, nikatazama kiini. Kikiwa cheupe na kimejaa, nasema daraja la kwanza. Kikiwa kimesinyaa, nasema kimesinyaa, hata kama gunia ni la shemeji yangu. Kwa sababu hiyo ninao mashemeji wawili tusiosalimiana. Nalitaja jambo hili ili uelewe kwamba barua hii haikuandikwa na mtu mwenye hasira ya kupoteza. Imeandikwa na mtu mwenye uchungu wa kitaaluma.

Chanzo chake ni hiki. Mwaka jana mwezi wa saba, tulipokwisha kuuza ufuta, Imani, binti wa kaka yangu anayefanya kazi ya uhasibu Dar es Salaam, alikuja kutusalimia. Akatueleza mimi na mke wangu, Bi Sauda, kwamba siku hizi mtu anaweza kununua kipande cha kampuni akakaa nyumbani kwake kikamzalia. "Baba mdogo," alisema, "hela ukiiweka chini ya godoro inalala. Ukiinunulia hisa inaamka." Maneno yale yaliniingia. Bi Sauda yeye aliuliza hiyo kampuni inalima nini. Imani akasema hailimi kitu, ni kampuni ya teknolojia, inaitwa Tandabui, nayo ina programu ya simu inayomwonyesha mkulima bei za mazao na kumkutanisha na mnunuzi. Bi Sauda akasema "Haya," kwa ile sauti yake ya kufunga mazungumzo. Tukanunua hisa mia nne. Kuanzia hapo kila jioni, baada ya taarifa ya habari, nilikaa barazani na redio nikisikiliza bei ya Tandabui kama mtu anayesikiliza hali ya mgonjwa.

Sasa nayaweka malalamiko yangu mbele yako kwa mpangilio.

1. Kuhusu faida.

Mwezi wa nane redio ilitangaza kwamba Tandabui, kwa mara ya kwanza tangu ianzishwe, imepata faida. Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena nikakamata majogoo wawili. Kesho yake Bi Sauda akapika pilau, tukaita majirani, akiwemo rafiki yangu Sixbert mwenye mashine ya kusaga, mtu asiyeamini habari yoyote mpaka aile. Tumeketi mkekani, sinia ndiyo kwanza limetua katikati, redio ikasema: hisa za Tandabui zimeshuka kwa asilimia ishirini, kwa kuwa faida iliyopatikana ni ndogo kuliko ilivyotarajiwa na wachambuzi.

Mikono yote ilibaki hewani. Sixbert, kwa upole wa mtu ambaye tonge limeshafika kidevuni, aliniuliza, "Bwana Abilahi, hili pilau sasa ni la furaha au la msiba? Nataka tu kujua nilile kwa uso gani."

Tulikula kwa uso wa katikati, na ulikuwa wali mzuri, Ndugu Mhariri, Bi Sauda alikuwa ametia na iliki.

Nauliza: pale aliyekosea ni nani? Tandabui haikuahidi kitu. Wachambuzi ndio waliotarajia. Wametarajia vibaya, halafu adhabu akapewa aliyetarajiwa! Huku kwetu mtu akitarajia mtoto wa kiume akazaliwa wa kike, aliyetarajia ndiye anayejirekebisha. Mtoto harudishwi alikotoka.

2. Kuhusu hasara.

Mwezi wa kumi na moja Tandabui ilitangaza hasara, tena kubwa, na kwamba imewaachisha kazi watu mia mbili. Safari hii nilikuwa nimeelimika, sikuchinja kitu. Nilishika tama barazani. Habari ikazagaa, na Bi Dativa, mkulima mwenzetu ambaye shamba lake linapakana na letu, akaja kunipa pole na kikapu cha ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, imechemshwa na bado ya moto. Aliketi, akaweka kikapu miguuni pangu, akaanza, "Shemeji, Mungu akupe subira..." Redio ikamkatiza: hisa za Tandabui zimepanda kwa nusu ya bei, kwa kuwa hasara imekuwa ndogo kuliko ilivyohofiwa, na kuachishwa kwa wale mia mbili ni dalili ya ufanisi.

Bi Dativa hakupoteza sentensi yake. "...Mungu akupe subira ya kuzihesabu," alimalizia, akachukua kikapu chake akaenda zake. Ming'oko ile nilikuwa naihitaji.

Nikawafikiria wale mia mbili. Huenda mmoja wao naye alikuwa na hisa, asubuhi akafukuzwa, jioni akawa tajiri kwa sababu ya kufukuzwa kwake. Mtu wa namna hiyo apewe pole au hongera? Mimi nilijaribu kufuata elimu hiyo nyumbani. Siku moja, kabla sijaenda gulioni, nilimtangazia Bi Sauda kwamba natarajia kupoteza shilingi elfu ishirini. Nikarudi nimepoteza elfu kumi na tano tu. Nikasimama mlangoni nikingoja hongera. Sijaipata mpaka leo.

3. Kuhusu jina.

Wiki hiyohiyo kampuni ilibadili jina. Ikawa Tandabui Akili Unde. Programu ni ileile na ofisi zilezile. Kilichoongezeka ni maneno mawili. Bei ikapanda maradufu kwa siku tatu! Nilikuwa napiga kelele barazani mpaka kuku wakahama. Bi Sauda alitoka jikoni akauliza imefika ngapi, nikamwambia, akarudi jikoni.

Siku hiyo Sixbert alikuwepo. Kesho yake alinunua kopo la rangi nyekundu akaandika kwenye ukuta wa banda lake: MASHINE YA KUSAGA NA KUKOBOA – AKILI UNDE. Mimi nilidhani ni mzaha. Kufika Jumamosi foleni ilikuwa imetoka nje ya banda, imepita msikiti, imefika barabarani. Watu walitoka mpaka Milola na mahindi yao kichwani, wakizipita mashine nyingine mbili njiani ambazo hazina akili. Bibi mmoja alinihakikishia kwamba unga wa pale hausumbui kusonga. "Unajielewa," aliniambia.

Kwa kuwa ni kazi yangu, nilichota unga wa juu, wa katikati na wa chini, nikausugua vidoleni. Ulikuwa unga uleule, wenye chenga zilezile za miaka yote. Nikamwendea Sixbert kumweleza kwa siri, kama rafiki. Akajibu bila kuzima mashine, "Wewe kata korosho, Abilahi. Unga uache ufikiri."

4. Kuhusu madhara ya elimu hii kwa jamii.

Hapa naomba usome taratibu, maana hapa ndipo nilipoumia.

Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa tukipokea korosho za mwisho wa msimu. Bi Dativa alileta nusu gunia. Nikakata, nikakuta viini vingi vimesinyaa, mvua ilimwahi. Nikamwambia, "Dada yangu, hili ni daraja la pili." Hakulalamika. Alitoa karatasi kwenye mkunjo wa kanga, akaikunjua, akawasomea wakulima wapatao arobaini waliokuwa kwenye foleni:

"Nusu gunia hili lisitazamwe kama nusu gunia. Mwaka jana nilileta robo, kwa hiyo nimekua kwa asilimia mia moja. Shamba langu lina miche mia tatu ambayo haijazaa. Naomba nilipwe kwa kuangalia miche."

Makofi yalipigwa ambayo sijayasikia hata kwenye mikutano ya kampeni. Mzee mmoja akapaza sauti kwamba yeye mwaka huu amepata hasara ndogo kuliko alivyohofia, kwa hiyo aandikiwe daraja la kwanza. Mwingine akasema gunia lake amebadilisha jina. Baada ya muda mfupi kulikuwa na watu kwenye foleni ambao hawakuwa na gunia kabisa, wamekuja na matarajio peke yake, na walikuwa wakali kuliko wenye korosho.

Nilipanda juu ya mizani nikawaambia ndugu zangu, korosho haikatwi kwa mdomo. Itafika mnadani, mnunuzi ataikata mwenyewe, na siku hiyo tutaaibika chama kizima cha ushirika. Walianza kutulia. Ndipo Bi Dativa aliponiuliza, wala si kwa ubaya, kwa sauti ya kawaida tu:

"Mkaguzi, na hiyo Tandabui yako, uliikata?"

Nilisikia panya wakitembea juu ya magunia. Miaka ishirini na miwili, Ndugu Mhariri, sijawahi kupitisha hata debe moja bila kulikata, na nimeinunua kampuni nzima, au tuseme kipande chake, kwa jina zuri na maneno ya mtoto wa kaka yangu. Ningeweza kusema uongo. Nilisema, "Sikuikata."

Mwenyekiti wa chama akakohoa akasema kwamba, kwa heshima zote, mkaguzi anayenunua bila kukata anawapa shida wanachama. Ikapigwa kura. Mikono ishirini na tisa ikasema nikabidhi kisu mpaka nitakapokwenda kuikata hiyo kampuni na kurudi na majibu. Nikakifuta kwa kanzu yangu, nikakiweka mezani. Njiani kurudi nyumbani mkono wangu wa kulia haukujua pa kukaa.

5. Kuhusu nilichokiona Lindi.

Tandabui wana ofisi Lindi mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Nilimkuta binti mpole ambaye nitamwita Consolata, ingawa silo jina lake, kwa kuwa nilimwahidi. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mimi nina hisa mia nne za kampuni hii. Nimekuja kuikata."

Aliutazama mkoba wangu, akarudisha kiti chake nyuma kidogo. Nilipomweleza maana yake, alicheka mpaka machozi, akaniletea soda. Akasema mali ya kampuni ni watumiaji, na kwamba nchi nzima wapo milioni moja na nusu waliosajiliwa. Nikamwambia vema, nipe sampuli: watu wanne wa juu ya orodha, wanne wa katikati, wanne wa chini. Akachukua daftari la watu aliowasajili yeye mwenyewe, tukaanza kuwapigia simu mmoja mmoja.

Watano hawakukumbuka kujisajili. Mmoja alisema anayeulizwa ni marehemu mjomba wake, akatuuliza kama kampuni ilikuwa na mchango wa arobaini. Wawili walipokea na kukata. Wawili walikuwa Consolata mwenyewe. Alipoona namtazama, aliinamisha kichwa. "Mzee, tunatakiwa kuleta watumiaji hamsini kila wiki. Ndugu zangu wameshaisha. Mimi mwenyewe nina akaunti tisa." Waliobaki wawili ndio waliokuwa wakiitumia programu kweli, na mmoja wao huitumia kutazama saa.

Basi nikawa nimekiona kiini. Daraja la pili, tena kwa huruma ya ile soda. Nilimwambia asiogope, kiini kikisinyaa anayelaumiwa ni mti, kikapu hakina kosa. Alinisindikiza mpaka kituo cha basi.

6. Kuhusu mchambuzi.

Hapa ndipo ninapokuomba ukae chini.

Katika ripoti ya kampuni, ambayo Imani alinichapishia, mwishoni kulikuwa na namba ya mchambuzi wa hisa aitwaye Ndugu Dionis. Nikaona ni wajibu wangu kama raia kumpigia na kumpa habari, bila kumtaja binti. Nikamwambia, "Ndugu yangu, mimi ni mkaguzi. Nimeikata Tandabui. Mtu mmoja ana akaunti tisa."

Kwa sauti ya mtu aliyeokota kitu njiani, akauliza, "Tisa? Mtu mmoja? Mzee wangu, hayo ni mapenzi makubwa sana kwa bidhaa."

Nikamwambia hakunielewa. Nikamwambia wengine ni marehemu.

"Lakini hawajajiondoa," alisema. Nilisikia kalamu ikiandika. "Wateja wasioondoka ni adimu mno katika sekta hii."

Nikapandisha sauti nikamwambia kuna mmoja anaitumia kutazama saa tu! Akaniuliza, kwa shauku, "Mara ngapi kwa siku?"

Jumatatu yake redio ikatangaza kwamba hisa za Tandabui Akili Unde zimepanda tena, kufuatia taarifa njema kutoka mikoa ya kusini. Ndugu Mhariri, taarifa njema kutoka mikoa ya kusini ni mimi.

7. Kuhusu kikohozi.

Wiki iliyofuata mkurugenzi mkuu wa kampuni alikohoa mara mbili wakati akisoma neno "mapato". Bei ikashuka. Sina la kuongeza.

Nirudi ghalani, maana najua unataka kujua. Kabla ya kikohozi kile nilisimama mbele ya wanachama nikasema, "Nimeikata. Ni daraja la pili." Bi Dativa akauliza, "Na bei yake?" Nikasema, "Imepanda." Nilitegemea kuzomewa. Kilichotokea ni kwamba Bi Dativa alianza kucheka polepole, akashika gunia lililo karibu, kicheko kikamshinda akalikalia, na wengine wakamfuata mpaka mwenyekiti akavua miwani yake kufuta machozi. Mimi nami nikacheka, nikashangaa kujisikia. Sijacheka hivyo tangu harusi yangu. Mwishowe Bi Dativa aliliburuta nusu gunia lake mpaka mezani, ambalo lilikuwa bado limekaa pembeni likisubiri hukumu, akaninyooshea kisu kwa upande wa mpini.

"Kata, shemeji," alisema. "Mnunuzi wetu sisi hana redio. Ana kisu kama wewe."

Nikakata. Ikawa daraja la pili, akatia sahihi, akashukuru. Hakuna aliyetaja kura tena. Siku ya mnada korosho zetu zilikatwa na wageni mbele yetu, wakakuta tulichokiandika, na bei ilipotangazwa wakulima hawakupiga ile kelele yao ya "Hatuuzi!" Waliuza.

Baada ya maelezo hayo, naomba ukurasa wako uyafikishe maombi haya panapohusika:

(a) Wachambuzi watangaze matarajio yao wiki moja kabla, ili watu wenye kuku wajue la kufanya.

(b) Wachambuzi watatu waletwe Rondo msimu ujao. Chakula na malazi juu yetu. Wapewe kisu na gunia. Atakayesema gunia tupu lina mustakabali mzuri, alale ndani yake.

(c) Kampuni ikibadili jina isihesabiwe kwamba imeongezeka. Mimi nimeitwa Abilahi, nimeitwa Mkaguzi, na mashemeji zangu wananiita jina ambalo haliandikiki, na uzito wangu ni uleule.

(d) Hisa zangu mia nne zipewe bei moja inayoeleweka. Zishuke zikae, ama zipande zikae. Mimi ni mtu mzima. Siwezi kuwa tajiri na fukara kabla ya kula chakula cha jioni, kila jioni, kuanzia mwezi wa saba.

Nakutakia kazi njema na afya. Nisalimie wapiga chapa wako, nisalimie anayepanga magazeti kwenye basi la Lindi, mwambie tunamwombea. Salamu kwa Ndugu Dionis, sina kinyongo naye, na kwa mkurugenzi mkuu nampelekea salamu pamoja na ushauri wa ndimu na asali ya Rondo. Sixbert anakusalimu kwa kelele za mashine. Bi Dativa anakusalimu. Bi Sauda anakusalimu pia, na anauliza kama kwenye gazeti lenu mnalipwa kwa kusoma barua ndefu.

Wako katika kukata na kutazama,

Abilahi N. Likwata

N.B.

Ndugu Mhariri, naongeza haya kwa kalamu nyingine kwa kuwa ile ya kwanza nimeivunja.

Kabla ya kuitia barua hii kwenye bahasha, nilimpa Bi Sauda aisome, maana ananizidi mwandiko na hutambua makosa. Aliisoma yote. Alicheka mara mbili. Alipofika kwenye ombi (d) akainua macho akaniuliza, "Hisa mia nne zipi?"

Zimeuzwa. Zimeuzwa tangu mwezi wa kumi na moja, siku ileile nilipokuwa napiga kelele barazani. Simu yangu ni ya tochi, kwa hiyo usajili wote ulifanywa kwenye simu yake. Aliniuliza imefika ngapi, akarudi jikoni, akampigia Imani, akaelekezwa pa kubonyeza, akabonyeza, akaendelea kukuna nazi. Lile tangi la maji la lita elfu mbili lililopo nyuma ya nyumba, ambalo nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mke wangu amelipata kwenye upatu, ndilo hilo. Nimekuwa nikizinywa hisa zangu tangu mvua za kwanza.

Maana yake siku naweka kisu mezani sikuwa na hisa. Nilipopanda basi kwenda Lindi sikuwa na hisa. Nilipompigia Ndugu Dionis simu kwa vocha yangu mwenyewe nikaipandisha bei ya kampuni, niliwapandishia watu wengine. Hata kile kikohozi, ambacho kilinifanya nisile siku nzima, hakikunihusu.

Nikamwuliza kwa nini aliuza bila kujali matarajio, wachambuzi, akili unde na mustakabali. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula kwa mdomo. "Bei ilipanda, nikauza. Si ndivyo tunavyofanya na ufuta?"

Nikamwuliza, basi, kwa nini hakuniambia. Hapo akalainika kidogo. Alisema alitaka kuniambia jioni ileile, lakini alipotoka alinikuta nimeikumbatia redio kwa mikono miwili, na kwamba kwa miaka mingi hajaniona nina furaha namna ile, nayo ilikuwepo hata siku zile bei iliposhuka nikakasirika.

Kwa hiyo malalamiko yote hapo juu yahesabiwe kuwa ni ya mtu asiyehusika. Yachape hata hivyo. Nimemwomba aninunulie hisa mbili tu, za kukasirikia. Amesema atafikiri.